Tusi Lililovuka Maji ya Moero

Uligeuza shingo. Usiniambie hukuona, moshi ule ulipanda mlima mzima, hata mwenye jicho moja angeuona. Mwaka ule wa sitini na moja, Katanga ilipokuwa ikijiita nchi, watu walijifunza ujanja mmoja tu, na wewe ukaujua kuliko wote: jirani anapigwa, unachambua maharagwe, mtu anapunga nguo ufukoni, unaongeza kasi ya kasia. Basi leo kaa hapo. Hutainuka mpaka umsikie Laurentine.

Laurentine alikuwa mke wa mpiga picha. Symphorien, mumewe, alikuwa na studio ndogo huko Kamalondo, na nusu ya watu wa cité, mitaa ya Waafrika, walikuwa wamesimama mbele ya pazia lake wakiwa na viatu vya kuazima. Alikuwa Muluba wa Kasai, mkoa wa mbali, kwa baba na mama, lakini alizaliwa Lubumbashi na kumzika baba yake Lubumbashi. Mwaka ule ndio watu walianza kumuuliza atarudi lini kwao. Kwao wapi?

Ukoo wa mama yake Laurentine ulitoka Pweto, kaskazini ya ziwa Moero. Tangu uchumba alikuwa akimsimulia mumewe habari za pwani ile: magenge yanayoingia majini wima, viboko wanaolala mchangani kama magunia, ngoma za Wabwile zinazoanza jioni na hazijui kukoma.

"Bazungu banaenda kule konje na mashini yabo ya picha," Symphorien alisema. "Na shiye je? Shiye hatuna macho?"

Wakaenda konje, likizo, mara ya kwanza katika ndoa yao. Walipanda kamyo, lori la mizigo, mpaka Kilwa ya ziwani, na kutoka Kilwa bwato la mota la Floribert, mtu mnene mwenye kucheka, aliyewaambia wakae katikati na wasiogope kitu.

Upepo wa miezi ya baridi uliwakuta wakiwa mbali na kijiji chochote. Ulitoka kusini-mashariki, ukayakunja maji kama mkeka. Wimbi la kwanza liliwalowesha. La pili lilizima mota. Floribert alivuta kamba mpaka ngozi ya kiganja ikachunika, na mota haikujibu, na magenge yakaanza kukua mbele yao.

"Shikeni mbao!" alipiga kelele. "Muache mizigo!"

Symphorien hakuuacha mfuko wa mashini ya picha. Bwato lilipiga jiwe kwa ubavu, likapasuka, likawamwaga. Laurentine alikunywa maji, akapiga goti kwenye mwamba, akashika majani, akapanda. Alipogeuka, mumewe alikuwa amebanwa mguu kati ya jiwe na ubao wa bwato. Alimvuta kwapani, akamvuta tena, na sauti aliyoitoa Symphorien ilizidi ya upepo.

Laurentine hakumwona Floribert tena mpaka asubuhi, ziwa lilipomrudisha kifudifudi, amekufa. Akamburuta juu ya mchanga, akamfunika kwa mawe, akasali sala fupi. Nguvu za sala ndefu hakuwa nazo.

Mfupa wa muundi ulikuwa umetokeza nje. Laurentine aliuosha kwa maji ya ziwa, akafunga vijiti viwili kwa mkanda wa mumewe. Ufuko waliokuwa nao ulikuwa mdogo kama ua wa nyumba: mbele maji, nyuma genge ambalo nyani walilipanda wakimcheka, lakini mtu mwenye mgonjwa mgongoni hawezi. Mamba mmoja alilala kwenye ulimi wa mchanga. Hakuwa na haraka. Harufu ya ule mguu ilikuwa imemfikia.

"Pweto iko mbali?" Symphorien aliuliza.

"Kwa bwato, hapana mbali."

"Na kwa mguu?"

"Mguu gani?" alisema, na wote wawili wakacheka, halafu Symphorien akalia.

Viberiti vilikuwa vimelowa. Laurentine akaifungua mashini ya picha, akatoa kioo chake cha mbele, akakishika juani juu ya nyasi kavu mpaka zikafuka. Moto ukaja. Akatia majani mabichi, moshi ukapanda mweupe na mzito, na kweli, mitumbwi ya wavuvi ikatokea upande wa jua.

Hapo akakosea, kosa la mtu wa mjini. Katika sanduku ambalo mawimbi yalilitupa ufukoni alikuwa na kikwembe, kitenge kilichogawiwa sikukuu ya nchi mpya, chenye nyekundu, nyeupe na kijani na misalaba ya shaba. Aliona ndicho kitakachowaambia wavuvi kwamba wao si waasi wanaopigana na nchi hiyo, ni watu wa amani kutoka mjini. Akakifunga kwenye fimbo, akakipepea juu ya kichwa.

Mitumbwi ilisimama. Ikageuka yote pamoja. Makasia yakapiga maji kwa hofu.

"Bandugu, ngojeni! Iko mugonjwa!"

Hawakungoja. Rangi zile walizijua: ziliwahi kuja juu ya bwato la chuma, na bunduki chini yake. Na moshi bila rangi zile, wangeuona ni wa waasi, wangekimbia vilevile. Waulize wote walikuwa wakimkimbia nani. Kila mtu alikuwa na jibu, na Symphorien alikuwa akioza.

Siku iliyofuata mguu ulivimba mpaka goti likapotea. Mumewe aliongea na baba yake marehemu kwa Kiluba cha Kasai, kisha akarudiwa na akili.

"Panda mulima, Laurentine. Uniache."

"Nikuachie uyu mamba? Atakula na studio." Akamnywesha maji kwa kiganja. "Nyamaza."

Mitumbwi ilirudi kuvuta nyavu, mbali kidogo kuliko jana. Upepo ulikuwa umelala, na sauti zilitembea juu ya maji. Walikuwa wakitaniana. Mmoja alimwambia mwenzake: "Vuta, weye Chui! Ao unangoja mbuzi ikuletee chakula?"

Laurentine akasimama.

Mama yake alikuwa wa ukoo wa Mbuzi. Na Mbuzi na Chui, kwa watu wa ziwa lile, ni watani tangu mababu: wanatukanana hadharani bila kukasirika, wananyang'anyana vyungu, na mmoja akifa ni mwenzake anayemzika. Huko cité mambo haya aliyaonea haya; mke wa mpiga picha hatukani watu njiani. Akakishusha kikwembe, akasogea mpaka maji yakamfika magotini, akajaza mapafu.

"We Chui! Chui wa meno ya kuoza! Mwizi wa kuku ya bajane!"

Makasia yakatulia.

"Mbuzi inakufa huku, na weye unavuta tusamaki! Nani atanizika? Mama yako mwenye mukia?"

Kisha kicheko kikapasuka kwenye mtumbwi wa mwisho, kicheko cha mtu aliyeshikwa. "Ni nani huyu anatukana bakubwa?"

"Mbuzi! Mutoto wa Adolphine wa Pweto! Kuya, mulafi weye!"

Mtumbwi mmoja ukajitenga. Wenzake walimwita arudi, hakurudi. Jina lake lilikuwa Désiré, mwenye kovu puani. Alisimama umbali wa makasia mawili kutoka ufukoni, akatazama lundo la mawe, akamtazama aliyelala.

"Na uyu?"

Laurentine alijua swali lenyewe: ni kabila gani. Angeweza kusema Mubemba, angeweza kusema Mubwile, makabila yasiyowindwa.

"Bwana yangu. Muluba wa Kasai."

Désiré akatema mate majini. Njiani kulikuwa na askari waliowatafuta watu kama huyo, na wale waliowabeba pia.

"Mbuzi mujinga," alisema mwishoni. "Unaolewa mbali vile, na ni shiye tunabeba mahari ya matatizo." Akaruka majini. "Leta kile kikwembe."

Akakichana vipande, nyekundu, nyeupe na kijani, akaufunga mguu wa Symphorien kwa vijiti vipya. Akamlaza chini ya nyavu, samaki juu yake, na Laurentine akashika kasia la pili. Mamba akaingia majini nyuma yao, akachoka kuwafuata.

Masista wa Pweto waliukata mguu chini ya goti. Symphorien aliishi. Désiré alikuja kila jioni kumwambia kwamba alitarajia mazishi, na kwamba Mbuzi wamemnyima nyama.

Waliporudi Lubumbashi, mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha. Wakasai wengi walikuwa wamekimbilia kambi ya mahema ya Umoja wa Mataifa. Ukutani kwa studio mtu alikuwa ameandika kwa lami: MUKASAI RUDIA KWENU. Zamani Symphorien angepita mlango wa nyuma. Sasa aliweka magongo chini, akaketi vumbini mchana kweupe, akaanza kusugua kwa mchanga na mafuta ya taa. Laurentine akasugua kando yake. Nyuma ya madirisha watu walisogeza mapazia, wakayarudisha.

Mtaani kwako kuna ukuta kama ule. Unaujua, unapita mbele yake ukienda sokoni. Simama. Chukua mafuta ya taa, chukua kitambaa, uende sasa hivi jua likingali juu, wakuone wote. Anza na herufi ya kwanza.