Abiria wa Kiti Kikavu

Siku ya kwanza, Shangazi aliondoka bila msichana wake, na hakujua.

Ilikuwa alfajiri, kumepambazuka kidogo tu, na mvua ilikuwa inanyesha kana kwamba mbingu imetoboka. Msichana alikuwa amerudi ndani mbio kuchukua chombo cha chakula cha mchana alichokisahau mezani. Hakukawia. Alikuwa anafunga mlango aliposikia pikipiki ikitiwa gia. Aligeuka, akaiona inatoka getini: Shangazi mbele, koti la mvua limemfunika mpaka magotini, na nyuma yake, chini ya koti lilelile, nundu ya mtu aliyeinamisha kichwa.

"Shangazi! Shangazi, mimi niko huku!"

Mvua ilimeza sauti yake. Taa nyekundu ya nyuma ilikata kona, ikapotea.

Koti lenyewe lilikuwa moja, pana, halina mikono. Shangazi alipitisha kichwa mbele, na sehemu iliyobaki aliitupa nyuma imfunike msichana. Humo chini mlikuwa na giza, huoni kitu. Na Shangazi naye hakuweza kuona nani amekaa nyuma yake. Kwa hiyo walikuwa na lugha yao. Msichana akishakaa vizuri, aligonga bega la Shangazi mara mbili: twende. Akigonga mara tatu: simama.

"Nisipohisi mawili siondoki," Shangazi alizoea kusema, "hata ukikaa hapo mpaka uote mizizi."

Alimwita msichana Mzigo, tangu enzi za kumbeba mgongoni. Ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki, na shule ilipokatika njiani ndiye aliyemtafutia kazi pale pale alipofanya yeye, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Mzigo hakuwa na mtu mwingine duniani. Hakuwahi kulisema hilo kwa mdomo, lakini kila akiendeshwa chini ya lile koti alishika kiuno cha Shangazi kama mtu anayeshika nguzo ya nyumba.

Asubuhi ile alikwenda kwa miguu. Alifika amelowa chapachapa, viatu vinalia kama vyura. Shangazi alikuwa anatoa mashuka kwenye mashine. Alimtazama juu mpaka chini.

"Wewe! Umetoka wapi na hali hiyo? Si tumefika wote zamani?"

"Uliniacha, Shangazi."

"Nikuache wapi? Umenibana kiuno njia nzima. Nikakwambia legeza, ukajifanya husikii. Na yale mawili yako ya leo uliyagonga kama unabisha hodi kwa kiziwi."

Msimamizi wa madobi, mwanamume mnene aliyependa kucheka kuliko kufanya kazi, alidakia kutoka kwenye meza ya pasi, akimwita Shangazi kwa jina la utani alilopewa kwa ajili ya pikipiki yake. "Huo ndio uzee, Gia Nne. Leo umebeba upepo, kesho utasahau kichwa nyumbani."

"Kichwa changu kikisahaulika bado kitafanya kazi kukushinda wewe," Shangazi alijibu, na wote wakacheka.

Mzigo hakucheka. Alitoka nje, mahali pikipiki ilipoegeshwa peupe. Miaka miwili alikuwa ameshika mashuka kutwa, na mkono wake ulijua ukavu bila kuuliza macho: shuka lililokauka kweli, na lile linalodanganya juu huku katikati lina unyevu. Sehemu ya mbele ya kiti ilikuwa imetuama maji. Aliweka kiganja sehemu ya nyuma.

Ilikuwa kavu. Tena ilikuwa na joto, kama shuka lililotoka kwenye pasi sasa hivi. Mvua ilikuwa inaipiga mbele ya macho yake, na matone yalipofika pale yalinywewa.

Akaondoa mkono haraka.

Kesho yake alihakikisha hakusahau kitu. Alipanda kwanza, hata kabla pikipiki haijawashwa, akajifunika, akagonga mawili. Wakaondoka. Walipopita duka la mbao, Shangazi alisema, "Sogea nyuma, Mzigo, unanibana."

Mzigo alikuwa mwembamba, na chuma cha keria kilikuwa tayari kinamchoma mgongoni. Hapakuwa na nyuma nyingine ya kusogea. Alinyoosha mikono ashike kiuno cha Shangazi, na mikono haikufika, kwa sababu kati yake na mgongo wa Shangazi palikuwa na kitu chenye upana wa mtu. Hakikuwa na nguo. Hakikuwa na ngozi pia, au kama ilikuwa ngozi, ilikuwa imekauka ikakunjamana kama karatasi ya gunia la saruji. Chini ya koti, katikati ya mvua ile, palinuka vumbi: vumbi la kiangazi, la barabara iliyokosa mvua mwaka mzima. Na alisikia sauti, ndogo, ya taratibu, kama mtu anayefyonza maji kwenye kitambaa.

Alitaka kugonga matatu. Lakini ili afike bega la Shangazi ilibidi apitishe mkono juu ya bega la yule mwingine.

Hakuweza. Alifumba macho ndani ya giza mpaka walipofika.

Tangu siku hiyo Shangazi alianza kukauka.

Mwanzoni ilikuwa kiu tu. Alikunywa kikombe baada ya kikombe, akasema ni joto la mashine. Kisha midomo ikapasuka. Nywele zikawa zinakatika kwenye kitana kama nyasi. Sauti yake, ile iliyokuwa ikisikika mpaka wodini, ikawa mkwaruzo. Kila walipofika kazini mvua ikinyesha, koti lake lilikuwa limelowa mbele na kavu nyuma. Wiki ya pili alijikata kidole na wembe wa kufungulia marobota, na haikutoka damu. Alikitazama kile kidole, akakifunga kitambaa kimya kimya. Mzigo aliona.

"Shangazi, tuache pikipiki."

"Tukiiacha tutapaa? Saa hizo kuna gari gani?"

"Tutembee. Tuamke mapema zaidi."

"Kwa miguu hii?" Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi kikavu. Kisha akanong'ona, akitazama mlango, "Mzigo, nawe unamsikia?"

Ndipo msichana alipojua kwamba Shangazi alikuwa anajua, na kwamba alikuwa ananyamaza ili asimtishe mtoto.

Wakaiacha pikipiki uani siku mbili, wakatembea. Haikusaidia. Mvua ilinyesha juu yake, na palepale kwenye kiti palibaki alama kavu, kama ya mtu aliyekaa anasubiri. Shangazi alizidi kusinyaa hata usiku akiwa kitandani mwake. Siku ya pili Mzigo alimpa maji, akamwona akilia bila machozi, uso umekunjamana na macho makavu kama kokoto.

Mganga waliyeelekezwa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye duka la ndoo na mabeseni. Uganga aliurithi kwa mama yake, na alionekana kuuona adha. Aliwaketisha kati ya marundo ya ndoo, akaushika mkono wa Shangazi, akauachia upesi.

"Nani alimwambia apande?"

"Hakuna," Shangazi akakwaruza.

"Hawa hawapandi bure. Kuna ishara mlimpa."

Mzigo akaeleza habari ya mawili na matatu. Mganga alimsikiliza akitikisa kichwa.

"Mnaendesha mtu msiyemwona, mnamwamini kwa kugongwa bega. Basi na yeye amejifunza kugonga. Huyu ni jini wa ukame, mwanangu. Mvua zikija hana pa kukaa. Anatafuta mwili wa kumficha na maji ya kunywa polepole. Mimi simtoi. Hata mama yangu asingemtoa. Huyo hushushwa."

"Anashushwaje?"

"Kwa ishara yenu hiyohiyo. Pandeni mvua ikinyesha, mfike palipo na maji yanayokimbia, mgonge matatu. Pikipiki ikisimama, atashuka, maji yatamchukua." Akachukua kipande cha mpini wa ufagio, kifupi kama kiganja, akakisomea maneno, akampa Mzigo. "Gonga kwa mti huu. Usigonge kwa mkono wako. Umenielewa? Anayemshusha kwa mkono wake ndiye anayempokea."

"Nimeelewa, mama."

"Rudia."

"Nisigonge kwa mkono wangu."

Walipotoka, Shangazi alimshika mkono. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kama majani makavu. "Ukiona imeshindikana, ruka. Mimi nimeshaishi. Unasikia, Mzigo?"

Mzigo alikitia kile kijiti mfukoni, akaendelea kutembea.

Alasiri ya siku ile mvua ilikuja na upepo. Shangazi alipandishwa kwenye pikipiki karibu kubebwa, lakini mikono yake iliposhika usukani ilikumbuka kazi. Mzigo alipanda nyuma, akajifunika, akakishika kile kijiti kwa nguvu mpaka kikamuumiza. Hakugonga kitu. Bado walikuwa wawili tu, aliapa baadaye moyoni kwamba walikuwa wawili tu, na mbele yake palikuwa na mgongo mwembamba wa Shangazi peke yake.

Kisha akasikia, mbele kidogo ya uso wake, bega la Shangazi likigongwa. Ko, ko.

Pikipiki ikaondoka.

Barabara ya kwenda mtoni aliijua kwa mwili: kona ya duka la mbao, matuta mawili, mteremko mrefu, kisha daraja la chini ambalo mvua kubwa hulifunika. Harufu ya vumbi ilijaa chini ya koti mpaka akakohoa. Kile kitu kilikuwa kimeongezeka, kimenenepa kwa maji ya Shangazi, na kilimsukuma nyuma kwenye chuma cha keria, na ile sauti ya kufyonza sasa haikuwa ndogo tena, ilikuwa ya mtu anayemalizia kinywaji na hataki kuacha hata tone. Tuta la kwanza. Tuta la pili, na hapo gurudumu likaingia shimo ambalo halikuwepo wiki iliyopita, na kijiti kikamchomoka mkononi, na alikisikia kikigonga bomba la moshi mara moja, kisha hakukisikia tena.

"Shangazi!" alipiga kelele. "Shangazi, simama! Kijiti kimeanguka!"

Mteremko ukaanza, na pikipiki badala ya kupunguza mwendo ikaongeza, na Mzigo akasukuma kichwa nje ya koti, mvua ikampiga usoni, akaona mbele yao mto umelimeza daraja, maji mekundu yanakimbia na matawi na povu, hata kingo za daraja hazionekani, na akamwona Shangazi ameinama juu ya usukani, shingo imelegea, koo limekauka hawezi kutoa hata sauti ya kusema siwezi, na akajua kwamba mikono ile ilikuwa inasubiri ishara tu, kwa sababu miaka yote hiyo Shangazi hakuwahi kusimama bila ishara wala kuondoka bila ishara, na kwamba hakuna mwingine wa kuitoa, na kwamba angeweza kuruka sasa hivi kama alivyoambiwa, aanguke kwenye tope, aamke mzima, awe peke yake.

Akanyoosha mkono juu ya lile bega kavu, mpaka akalifikia bega la Shangazi.

Akagonga. Moja. Mbili. Tatu.

Breki zililia. Pikipiki iliteleza upande, ikasota, ikasimama hatua chache kabla ya maji, na wote wakaanguka kwenye tope.

Kisha Shangazi akakohoa, na safari hii kikohozi kilikuwa cha majimaji. Alijigeuza chali, akafungua mdomo, akaiacha mvua imwingie. Alikunywa. Alicheka. Machozi yalimtoka, machozi ya kweli, na aliyagusa kwa vidole kama mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea.

"Ameshuka!" alisema, na ilikuwa karibu sauti yake ya zamani. "Mzigo, tazama kiti! Kimelowa! Kimelowa chote, mwanangu!"

Kweli, maji yalikuwa yametuama pale nyuma, yanarukaruka chini ya matone.

Mzigo alikuwa amesimama kando, ametazama mto. Alitaka kufurahi. Na alifurahi, kidogo, kwa sababu ya kile kicheko. Mvua ilimtiririka usoni, kifuani, miguuni. Lakini kuanzia shingoni mpaka kiunoni, kwa nyuma, hakuhisi hata tone. Alihisi joto, kama la shuka lililotoka kwenye pasi sasa hivi. Kitu kikamzunguka kiunoni taratibu, kikakaza. Akasikia kiu.

Shangazi aliinyanyua pikipiki, akaipangusa kioo. "Haya, panda twende nyumbani. Leo nakupikia mimi. Mbona umesimama kama mlingoti? Panda, ugonge mawili yako."

Mzigo alifungua mdomo amjibu. Ulimi ulikuwa umegandama kwenye kaakaa.

Kwenye bega lake la kulia, kidole kikavu kikagonga. Ko, ko.

Miguu yake ikaanza kutembea. Hakuiamuru. Ilikwenda kando ya mto, kwenye majani marefu, mbali na pikipiki, na nyuma yake Shangazi aliita, mwanzoni kwa mzaha, kisha kwa hofu, kisha kwa kupiga mayowe huku akikimbia na kuteleza na kuamka tena.

"Mzigo! Unakwenda wapi? Nyumbani ni huku! Mwanangu, unakwenda wapi?"

Mzigo hakujua. Katika siku zote zile, hakuna aliyewahi kumuuliza yule abiria anashukia wapi.