Mtu wa Kuangalia Mlango

Madame Émilienne alikuwa amepanga mikeka thelathini kwa safu, yote ikitazama mshumaa mmoja uliokuwa mbele ya ukumbi, migongo ya watu ielekee mlangoni. Ndivyo alivyofundishwa Kampala, alikosomea ualimu wa kutafakari. Akatoka kidogo kwenda kupokea simu, na aliporudi alikuta safu zimevunjika. Walimu, wauguzi, wauza vitenge na pasta mmoja walikuwa wamekokota mikeka yao mpaka ukutani, wamebanana bega kwa bega, macho yote mlangoni. Mshumaa ulikuwa unawaka peke yake.

"Munafanya nini?" aliuliza.

"Madame, siye tuko tayari," alijibu mzee mmoja mwenye rozari mkononi. "Lakini mulango, tunapenda tuuone."

Hakuna aliyecheka. Ulikuwa mwaka 2014, na Bunia, mashariki mwa Kongo, ilikuwa na amani, amani ile ambayo mtu huitaja kwa sauti ndogo asije akaiamsha. Aliyepita katika miaka ya vita hageuzi mgongo mlangoni, awe anakula, awe anasali, sembuse afumbe macho. Madame Émilienne alikuwa amesahau hilo huko masomoni, na mimi simlaumu.

Kaswera aliingia amechelewa, akihema. Alikuwa ametoka sokoni moja kwa moja, amevaa kitenge cha kijani chenye ndege wa manjano, kilemba kimefungwa vizuri juu ya macho mekundu ya mtu asiyelala. Solange, muuza vitenge mwenzake, ndiye aliyemwandikisha kwa nguvu katika hiyo wikiendi ya kutafakari. Mkeka uliobaki ulikuwa mmoja tu, katikati ya ukumbi, mgongo mlangoni. Kaswera akasimama pale pale.

Mwanamume mmoja akainuka ukutani. Alikuwa mrefu, shati lake limepigwa pasi kisawasawa, lakini kucha zake zilikuwa na oili ya magari isiyotoka kwa sabuni.

"Mama, kuya ukae hapa. Mi nitakaa kati."

"Na mugongo wako, Papa?"

"Nitageuka."

Akaugeuza mkeka, akaketi kati ya Kaswera na mlango, mshumaa nyuma yake. Madame Émilienne aliwaacha walivyokaa. Akaanza kueleza kwamba mwilini mna vituo saba, kutoka chini ya uti wa mgongo mpaka utosini, vinaitwa chakra, na kwamba cha kwanza ni hapa tunapokalia, nacho ni cha usalama.

"Ile saba, iko mapepo?" aliuliza pasta.

"Hapana, Pasta. Ni mahali pa kupumulia tu."

Pasta akaandika katika daftari lake.

"Fungeni macho," alisema Madame Émilienne. Watu wakayafumba nusu. Kaswera hakuyafumba kabisa, na yule mtu aliyekaa mbele yake, bila kugeuka, akasema polepole, "Mama, funga macho. Mi naangalia mulango."

Kaswera akafumba macho. Alipoyafumbua, watu walikuwa wanakula, na miguuni pake palikuwa na koti la mwanamume.

"Madame alisema tupumue," alisema mwenye koti, akimpa sahani ya wali na sombe ya majani ya muhogo. "Weye ukakoroma."

"Mi? Mi sikoromaka."

"Ata pasta aliacha kuandika."

Kaswera akacheka, mkono mdomoni. Alikuwa hajacheka hivyo tangu siku nyingi, na mwenyewe akajishangaa.

"Unaitwa nani, Papa?"

"Grégoire. Mutu wa Mahagi. Naendeshaka kamyo."

"Na juu ya nini shofa anakuya kufunga macho na batu?"

"Juu nikifunga peke yangu, naona barabara."

Hakumwuliza barabara gani. Wote wawili waliijua.

Siku ya Jumapili walifika kwenye kituo cha tano, cha kooni. Madame Émilienne aliwaketisha wawili wawili: mmoja aseme kilichomkaba, mwenzake asikilize asijibu neno, kisha wabadilishane. Na kinachosemwa pale kibaki pale. Grégoire alitangulia. Alisimulia lori lililochomwa njiani, na rafiki yake aliyebaki ndani. Alisema kwa maneno machache, akamtazama Kaswera.

"Bwana yangu anaitwa Kule," alianza Kaswera. "Alishuka Kasenyi kununua samaki, sasa miaka sita, hakurudi. Naishi na mama yake. Kila mangaribi Mama anamuwekea sahani ya chakula. Na mulango hatufungake na komeo, juu Mama anasema mutoto wake akirudi asikute pamefungwa. Mu Bunia hii. Njo maana silalaka. Nakaa tu naangalia mulango."

Akakaza fundo la kitenge chake.

"Lakini Kule amekufa. Mwaka ule ule, mubeba samaki moja, Roger, aliniletea mukanda yake. Alimukuta pembeni ya barabara, akamuzika na mikono yake. Mi niliuficha ndani ya sanduku, chini kabisa. Sikuambia mutu. Nikimuambia Mama, atakufa. Na juu sikuambia mutu, sijamulilia bwana yangu ata siku moja."

Grégoire, kwa kuwa ndiyo ilikuwa sheria, hakujibu. Alisogeza mkeka wake karibu, magoti yao yakagusana, wakakaa hivyo mpaka kengele ilipogongwa.

Baada ya hapo ikawa simu. Lori likiwa Mahagi, simu. Lori likiwa limekwama kwenye tope, simu.

"Mama Usingizi, umelala?"

"Nilale namna gani, na mulinzi wangu iko Mahagi?"

"Weka telefoni karibu na mulango. Nitauangalia na masikio."

"Weye Grégoire iko na uwongo."

"Sheri yangu, mi niko na miaka arobaini. Uwongo ninawachia vijana."

Lori likifika Bunia, walikutana sokoni mchana kweupe, Grégoire akijifanya anachagua kitenge cha dada yake. Mwezi wa pili Solange alimwuliza huyo dada ana miili mingapi. Kaswera alikuwa anampenda mtu huyu, tena sana, na kila alipokumbuka kwamba anampenda, alikumbuka ile sahani.

"Nataka kukuya kwa Mama, mi na wazee wangu," alisema Grégoire siku moja kwenye simu.

"Kuomba nini? Kwa Mama, mi niko bibi ya mutu mwenye iko safari."

"Sasa?"

"Tungoje."

"Mupaka Mama afe?"

Kaswera akakata simu. Grégoire akabaki ameishika, akiona haya kwa alichokisema.

Alhamisi iliyofuata, akiwa ndio kwanza ameshusha mzigo, Grégoire alinunua kilo mbili za sukari na samaki mmoja mkubwa, akaenda kwa Mama Kule bila kumwambia Kaswera. Hakwenda kuomba wala kueleza. Alitaka tu amsalimu, amwone mama huyo aliyeyashikilia maisha yao wawili. Alikaa nusu saa, akaaga, akaenda zake.

Jioni Kaswera alirudi kutoka sokoni, akausukuma mlango kama kawaida. Haukufunguka. Akausukuma tena. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita, komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani, na ilimbidi abishe hodi nyumbani kwake.

Mama Kule alifungua. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa, nywele nyeupe ziko sakafuni. Mezani hapakuwa na sahani.

"Mutoto yangu amekufa," alisema. "Leo tunaanza kilio."

"Mama, nani alikuambia?"

"Mugeni alikuya. Wa Mahagi."

Hakusema zaidi, kwa sababu kilio kilimzidi, na majirani wakaanza kuingia. Kaswera akatoka nyuma ya nyumba, akampigia Grégoire simu.

"Ulimuambia."

"Nani? Kaswera, sikusema kitu. Nilimusalimia tu."

"Nilikupa neno moja. Moja tu. Nilikuambia juu nilikuamini mupaka nikafunga macho."

"Kaswera, sikiliza—"

"Hapana kunipigia tena."

Usiku ule ule Kaswera alifuta jina na namba yake kwenye simu, na kesho yake lori la Grégoire likaondoka kwenda Mahagi. Watu walijaa uani, wakaimba, wakaleta kuni na unga. Kaswera alipika, akapokea pole, akakunja mikeka. Hakulia. Wanawake wakaanza kumtazama kwa pembe ya jicho: mke gani huyu?

Siku ya pili, watu walipopungua kidogo, Mama Kule alimwita chumbani. Sanduku lilikuwa wazi, na mkanda ulikuwa mapajani mwake.

"Huu mukanda nilimununulia mi," alisema. "Butembo, siku ya ndoa yenu."

Kaswera akaketi kitandani.

"Niliuona mwaka ule ule. Nilikuwa natafuta blanketi. Nikaurudisha pale pale."

"Miaka sita, Mama? Ulijua miaka sita?"

"Na weye ulijua miaka sita."

"Mi nilificha juu yako. Nilisema utakufa."

"Na mi nilificha juu yangu." Mama Kule alikuwa anaupitisha mkanda vidoleni. "Kilio kikiisha, mujane anakuwa huru. Hamukuzaa. Ungeenda. Mi ningebaki na nani? Sahani ile haikuwa ya Kule, mutoto yangu. Ilikuwa ya kukufunga weye."

Mficha maradhi, kilio humfichua, na katika nyumba ile walikuwa wagonjwa wawili. Kaswera alihesabu usiku mmoja mmoja aliokaa akiukodolea macho mlango. Alitaka kumpiga mtu. Alitaka kukimbia.

"Na yule mugeni alisema nini?" aliuliza mwishowe.

"Kitu? Hakusema kitu. Nilimupa kiti, akakigeuza, akakaa anaangalia mulango. Sukari iko kwa mukono, macho kwa mulango. Nikamuuliza, Papa, unangoja mutu? Akasema, hapana Mama, nimezoea kuangalia, wengine wapumuzike." Mama Kule akaukunja mkanda. "Nikakukumbuka weye, ulitoka kwa ile masomo ya kufunga macho ukiwa na uso wa mutu mwenye amelala. Nikajua umepata mutu. Nikaona haya. Nikafunga komeo."

Kaswera alirudi jikoni. Siku nzima hakumsemesha. Jioni alichukua wembe, akaketi miguuni pa Mama Kule, akampa amnyoe kichwa, na ule mkono wa kizee ukafanya kazi yake bila kumkata hata mara moja.

Namba ya Grégoire hakuwa nayo tena. Alimwomba Solange aitafute kwa watu wa malori. Ilipopatikana, alipiga mara nane, simu ikawa imezimwa. Akamtumia ujumbe: *Mama alijua zamani. Nisamehe. Kesho tunazika mukanda.* Halafu akakaa akingoja, akijua barabara ya Mahagi ilivyo, na akijua pia kwamba mtu akifukuzwa ana haki ya kutorudi.

Kesho yake waliufunga mkanda ndani ya kitenge cha harusi, wakauzika nyuma ya nyumba badala ya mwili. Pasta wa lile daftari ndiye aliyesali. Mama Kule akaanguka chini, wanawake wakamshika. Kaswera alisimama wima, macho makavu, akiwatazama watu wote na lango la ua nyuma yao.

Hapo ndipo alipomwona akiingia, vumbi mpaka kwenye nyusi, kofia mkononi. Watu wakampisha. Alipeana mikono na wazee, akampa Mama Kule pole, kisha akamfikia Kaswera.

"Sikukuamini," alisema Kaswera.

"Najua."

"Hukusema kitu, na mi nikakufukuza."

"Sasa niko hapa."

"Grégoire, sijui kama nitaweza kukupa jibu. Ata kulia sijalia."

"Sikukuya kuuliza. Leo iko siku ya Kule."

Mama Kule aliinua kichwa chake kilichonyolewa. "Mumupe Papa kiti," alisema.

Wakamletea. Grégoire alikibeba mpaka karibu na lango la ua, akakigeuza, akaketi akiitazama barabara. Kaswera alimfuata, akakaa chini ubavuni pa kile kiti.

"Funga macho," alisema Grégoire bila kugeuka.

Kaswera akafumba macho, akamlilia mumewe.