Aliyebwekewa na Simsim

Jioni ile nilitoka kununua maini. Robo kilo tu, ya mbwa.

Mwenye bucha, Bille, ni Msomali wa Garissa, na kwake mbwa ni mnyama wa kukaa naye mbali. Hata hivyo kila siku aliniwekea kipande laini, kisha akanichokoza.

"Mama Simsim, hii mbwa yako inakula vizuri kuliko mimi."

"Meno imeisha, Bille. Hawezi tafuna kitu."

"Mpe uji."

"Uji anakataa. Mzee iko na kiburi."

Akacheka, akanifungia maini kwenye nailoni. Nikakazana kurudi. Jua lilikuwa linashuka na nilitaka kufika kabla Simsim hajaanza zamu yake.

Naitwa Namukasa, fundi cherehani, na nimeishi Juba miaka kumi na minne. Sina mtoto. Ndiyo maana hapa mtaani Nyakuron wananiita Mama Simsim, kwa jina la mbwa. Walianza kwa utani, nikalizoea, mwishowe nikalipenda.

Simsim aliletwa na mume wangu Waiswa, dereva wa lori. Mama yake alikuwa kijibwa cheupe cha mzungu mmoja wa shirika, baba yake jibwa lolote la jalalani. Kilichotoka hapo kilikuwa na miguu mifupi, sikio moja wima, jingine limelala, na rangi ya ufuta uliokaangwa, simsim kama tunavyouita huku. Waiswa alimtoa ndani ya jaketi akasema ameniletea askari. Nilicheka hadi nikakaa chini, maana askari mwenyewe alienea kwenye kiatu.

Nilimnywesha maziwa kwa kitambaa. Nilimtoa kupe mmoja mmoja. Alipougua tumbo nilikesha naye kama mwanangu, na wala sioni aibu kusema hivyo. Waiswa akirudi safarini, Simsim alimsikia kabla yangu. Alilia kwa furaha, akajikojolea, akazunguka uani mpaka kizunguzungu. Hakuwahi kumbwekea hata mara moja.

Miaka tisa iliyopita Waiswa alishika barabara ya Nimule, ya kwenda mpakani. Lori lilikutwa porini, milango wazi. Yeye hakuonekana. Ndugu zake kule Kamuli, Uganda, walisubiri mwaka mzima, kisha wakazika shina la mgomba badala yake, kama wanavyofanya mwili usipopatikana, ili roho itulie. Nilisimama nikautazama mgomba ukifukiwa. Sikulia. Niliona upuuzi mtupu, nikarudi Juba kumsubiri mume wangu.

Jioni hiyo hiyo niliyorudi, Simsim akaanza.

Giza lilipoanza kuingia alikwenda mbele ya geti la mabati, manyoya yamesimama, akabweka nusu saa nzima. Nikachungulia. Hakuna mtu. Kesho yake tena. Na kesho kutwa. Kwa miaka minane, kila jioni, na kila nilipochungulia hapakuwa na mtu. Majirani walilalamika, nami nilimpiga kwa ndala. Nilimpiga mara nyingi mno. Alilamba mkono uliompiga, kisha akarudi getini.

Basi jioni ile ya maini alikuwa na miaka kumi na mitatu. Masikio hayasikii, macho yana ukungu na yanatoa tongotongo zito la njano. Nilimlisha, nikampakata, nikampangusa macho kwa kipande cha kitambaa nilichokiokota chini ya cherehani. Kwa jirani watu walikuwa wanakula pamoja, nasikia sahani na vicheko. Nilikuwa mpweke, nisifiche. Machozi yakanitoka. Nikayapangusa kwa kitambaa kilichokuwa mkononi. Fundi ndivyo alivyo, hachagui kitambaa cha kujifutia.

Macho yakawasha kama yametiwa pilipili.

Simsim akainuka, akajikokota hadi getini, akaanza kubweka. Nikamfuata nikiwa nasugua macho, nikachungulia kwenye upenyo wa mabati.

Waiswa alikuwa amesimama nje.

Hatua kumi hivi kutoka getini. Shati la drafti za kijani, nililomshonea mwenyewe. Hakumtazama mbwa. Alinitazama mimi. Nikasikia harufu ya dizeli, na chini yake... harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi.

"Namu," akanong'ona. "Mimi iko hapa. Fungua."

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye komeo. Simsim akanidaka kifundo cha mguu. Hana meno, ni ufizi mtupu, lakini alibana kwa nguvu zote alizobaki nazo.

Nikatazama tena, safari hii kwa jicho la fundi. Shati la mwanamume vifungo hukaa upande wake wa kulia, mfuko kushoto. Nimeshona mamia. Shati lile nililishona hivyo. La huyu lilikuwa na vifungo kushoto kwake na mfuko kulia.

"Fungua," akasema. "Mimi nasikia baridi."

Mgongo wangu ulikuwa umelowa jasho. Juba nzima ilikuwa inachemka.

"Simsim hakujui?" nikamuuliza polepole.



Giza lilipokamilika sikumwona tena. Simsim akanyamaza, akalala palepale getini.

Asubuhi nilimweleza Roselyn, msusi kutoka Kakamega aliyepanga chumba cha pili kutoka changu. Alinisikiliza huku akisuka. Nilipofika kwenye kitambaa, mikono yake ikasimama.

"Ulijipangusa na ya mbwa?"

"Nilisahau tu."

"Kwetu mtoto anachapwa akicheza na tongotongo ya mbwa. Ukijipaka, unaona chenye mbwa inaona."

"Inaisha lini?"

"Sijui, Mama Simsim. Sijawahi ona mtu mwenye alijaribu."

Niliosha macho kwa chumvi. Nikaosha kwa maziwa. Jioni akaja tena.

Hapo ndipo nilipojua mbwa wangu alikuwa anafanya nini miaka yote ile, wakati mimi nampiga ndala. Nikapiga magoti nikamwomba msamaha. Najua hakusikia, masikio yalikuwa yameshakufa. Nilimwomba hivyo hivyo.

Na nikajua jingine. Simsim alikuwa anakufa. Baada yake hakuna atakayemzuia aliye nje, isipokuwa mimi. Na mimi sikujiamini.

Tuliishi hivyo siku kumi na moja. Miguu ilipomwishia nguvu nilimbeba hadi getini, nikampitishia kipande cha kitenge chini ya tumbo na kumshikilia asimame. Sauti ikawa ndogo. Kisha ikawa kikohozi. Kisha pumzi tu, hah, hah, na bado alijitahidi. Kila sauti ilipopungua, yule wa nje alisogea hatua moja. Jioni ya kumi na moja ningeweza kumgusa kupitia upenyo.

Simsim alikufa siku ya kumi na mbili, alasiri, kichwa kikiwa mapajani mwangu. Nililia kuliko nilivyolia kwa mtu yeyote. Kwa Waiswa sikuwahi kulia, kwa hiyo labda nilikuwa nalipia wote wawili. Nikamfunika kwa kitenge kipya, nikamzika uani.

Jua likashuka.

Mabati yakalia... kreee... kama yanavyolia mtu akiyawekea viganja.

"Namu. Sasa hakuna mtu."

Nilikimbilia ndani, nikaziba masikio kwa mto. Hakusukuma geti. Hakulivunja. Alisubiri tu nje huku akiliita jina langu kwa upole, na mimi chini ya mto nikatambua kwamba kwa miaka tisa hakuna aliyeniita Namu. Mama Simsim, ndiyo. Madam, ndiyo. Namu lilikuwa jina la nyumbani, la watu wawili.

Siku ya pili nilikaa uani kwenye kigoda. Nilijiambia nataka kuhakikisha komeo limekaza.

"Umekula?" akauliza.

Sikumbuki ni lini mtu aliniuliza hivyo mara ya mwisho.

"Kidogo," nikajibu.

"Kula. Wewe imekonda."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka. Nikamwambia habari za cherehani iliyoharibika, za mvua iliyoingia chumbani, za Simsim. Alisikiliza yote. Harufu ya udongo ilikuwa kali, lakini pua huzoea. Nilimuuliza kama kweli ni Waiswa. Akasema, "Fungua, utaona."

Ndugu zake walishamzika na kumtuliza. Mbwa aliyempenda alimbwekea huyu hadi pumzi ya mwisho. Nguo aliyovaa imeshonwa kinyume. Mimi si mjinga, hesabu hiyo naijua.

Leo, siku ya tatu, saa kumi na mbili kasoro, Roselyn amekuja na kikapu. Ndani yake mtoto wa mbwa, mweusi, tumbo nje.

"Nimekuletea huyu. Mama yake ni mkali sana. Atakulindia."

Alipomweka chini, yule mdogo alitazama geti. Manyoya ya shingo yakamsimama. Akatoa mbweko mmoja mwembamba, akarudi nyuma, akabweka tena.

"Unaona?" Roselyn akasema. "Ameshajua kazi."

"Rudi naye."

"Aki, Mama Simsim. Unataka kukaa peke yako?"

"Hapana," nikamwambia, na huo ulikuwa ukweli mtupu. "Mimi nimechoka kukaa peke yangu."

Alinitazama, hakuelewa. Akamrudisha mtoto wa mbwa kikapuni, akasema atakuja tena kesho, huenda nitakuwa nimebadilisha mawazo. Nilisimama nikisikiliza ule mbweko mdogo ukienda zake, mpaka mlango wa Roselyn ukafungwa na nikaacha kuusikia.

Jua lilikuwa limebaki kidogo tu. Nilinawa uso, nikabadilisha gauni, nikaenda getini, nikatoa komeo.