Dumu la Pili

Dumu lilikuwa zito mno. Tangu asubuhi Saada alikuwa amekojoa humo mara moja tu, lakini alipoliinua lilikuwa limefika nusu.

"Baba Najat, umekojoa humu?"

"Nikojoe humo, nimerogwa?" Nurdin alifoka bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani. "Limeharibika tena?"

Lilikuwa limeharibika tena. Tangu mvua zianze Saada alikuwa akikonda, viganja na fizi vikiingia weusi, akilamba chumvi kama mbuzi. Daktari Asajile, aliyefungua zahanati yake Tukuyu serikali iliporuhusu za watu binafsi, alishuku tezi zilizo juu ya figo. Alitaka mkojo wote wa mchana na usiku, upelekwe Dar es Salaam ukapimwe homoni. Kila mara aliukataa. "Mgonjwa hawezi kutoa lita zote hizi. Mnachanganya!"

Nurdin alichoka. Mitumba ilikwishamnyang'anya wateja, na sasa hata mkojo ulimshinda.

Kesho yake Saada alipomaliza haja ya kwanza, Nurdin akalifungia dumu chumba cha uani, akaketi mlangoni, ufunguo mfukoni. Saada alilala chumba cha mbele, Nurdin akimwona. Ukungu wa Mlima Rungwe ulishuka mchana huo ukaingia hadi ukumbini, na ndani ya ukungu ule ikaja harufu ya udongo wa kaburi uliolowa, kisha nyuma ya mlango uliofungwa mkojo ukaanza kuchuruzika ndani ya dumu, taratibu, ukikatika na kuanza tena, kama wa mzee anayejikaza kwa maumivu.

Nurdin alifungua. Hapakuwa na mtu. Dumu lilikuwa na joto.

"Nani?" alinong'ona.

"Na mimi naumwa," sauti ikatoka pembeni. "Mbona mnampima yeye tu?"

Hasira za wiki zote zile zikaushinda woga wake.

"Sasa si ungesema!"

Akanunua dumu la pili, akaliweka kando ya lile la kwanza. "Hili lako. La mke wangu usiliguse."

Hakuligusa. Yote mawili yakasafirishwa, na majibu yakarudi.

"Mama Najat, tezi zako zimechoka," daktari alisema. "Utameza vidonge maisha yako yote, lakini utaishi." Akachukua karatasi ya pili, akakunja uso. "Na huyu ndugu yenu yuko wapi?"

"Nyumbani," Nurdin alijibu.

"Huyu hana homoni hata chembe. Mtu wa hivi hawezi kuwa hai."

Walirudi nyumbani, Saada amekumbatia vidonge vyake. Nurdin alisukuma mlango. Nyumba ilinuka udongo. Hawakuwa wamevua hata viatu, sauti dhaifu ikauliza kutoka chumba cha uani, kwa upole wa mgonjwa aliyengoja siku nyingi:

"Na mimi wamesemaje?"