Mkanda wa Nkwabi

Wembe wa Pantaleo ulikuwa mkali kabla hajaunoa.

Asubuhi nzima ulikuwa umehangaika na ndevu za wachimbaji zilizojaa vumbi la mwamba, akauacha butu alipokwenda kula. Aliporudi akaujaribu kwenye unywele wa mkono, nao ukakatika kabla haujaguswa sawasawa. Mtu mwingine angejiuliza. Pantaleo alijisifu. Katika kambi zote za Geita hakuna aliyejua kunoa kama yeye: wembe huvutwa juu ya mkanda wa ngozi mgongo ukitangulia, hugeuzwa, hurudishwa, na mkono haukandamizi. Akaamini amenoa akasahau. Yeye mwenyewe alikuwa na ndevu kama kichaka, na wateja walimtania kwamba kinyozi hajinyoi.

Mkanda wa kunolea ulining'inia kwenye msumari kando ya mlango. Ulikuwa mzuri, na haukuwa wake.

Nkwabi, mchimbaji, alifukiwa na mwamba shimoni na mwili wake haukupatikana. Ukoo wake haukubali mtu aende bila kaburi, wala azikwe kabla ya kunyolewa. Basi mjane wake, Esta, akautoa mkanda wa suruali wa marehemu uzikwe badala ya mwili, na Pantaleo, ambaye siku zote ndiye aliyewanyolea maiti wao, akaachwa nao peke yake chumbani aupitishie wembe kama anayenyoa kidevu. Alipoushika, ngozi ilikuwa imelainishwa na jasho la miaka. Tamaa mbele, mauti nyuma. Akavua mkanda wake mwenyewe, akauviringisha ndani ya sanda bila hata kuupitishia wembe, na wa Nkwabi akauficha chini ya shati. Watu wakaulilia mkanda wa kinyozi, wakaufukia.

Liaquat, mwenye duka la nguo la jirani, ndiye aliyesikia kwanza. Alimuuliza Pantaleo ni nani anayebaki ndani akinoa kila adhuhuri, mlango ukiwa umefungwa. Kisha akamkumbusha kwamba adhuhuri ni saa ya majini, na tangu siku hiyo hakuleta tena kidevu chake pale.

Pantaleo akacheka, lakini kesho yake hakwenda kula. Alifunga duka, akazunguka nyuma, akaweka jicho kwenye ufa wa ubao. Kwanza ilimjia harufu, udongo mbichi wa shimoni na moshi wa taa ya kabaidi wanayoshuka nayo wachimbaji, kisha akauona mkanda umevutwa ukakaza kana kwamba mtu ameushika ncha, na wembe ukipanda na kushuka juu yake, paa, paa, polepole, mgongo ukitangulia, ukigeuzwa na kurudishwa vilevile anavyofanya yeye, na hapakuwa na mkono, hapakuwa na mtu, ila pumzi nzito ya mwenye vumbi kifuani, ambayo ilikoma ghafla, kama mtu aliyegundua kwamba anatazamwa.

Mkewe, Bhoke, akampeleka kwa mganga Bujiku. Mzee alisikiliza, kisha akauliza kwa sauti ndogo.

"Kaburini mlizika nini?"

"Mkanda wangu, mzee."

"Uliunyoa?"

"Hapana."

Bujiku akausogeza mkeka wake mbali naye. "Basi aliyezikwa ni wewe, na umezikwa hujanyolewa. Nkwabi anakuandaa. Nenda kwa Esta, useme mbele ya ukoo, mfukue pamoja, kila mkanda urudi kwa mwenyewe. Ukificha, mimi sina dawa."

Njia nzima Bhoke alimsihi. "Baba Cornel, mficha maradhi kifo humuumbua. Twende kwa Esta sasa hivi." Pantaleo hakutaka. Ukoo ule ungemvunja mifupa, na ni nani angempa kidevu chake kinyozi anayeiba maiti? Aibu ilimtisha kuliko jini. Alfajiri akaenda makaburini peke yake, akachimba kishimo kando ya kaburi, akaufukia mkanda wa Nkwabi, akarudi akipiga mluzi. Adhuhuri ile alibaki dukani ausikilize ukimya wake.

Bhoke alipomletea chakula alikuta mlango umekomewa kwa ndani. Paa, paa. Akaita, na sauti ikaendelea, akagonga, ikaendelea, kisha ikanyamaza, na ukimya ule ndio uliomfanya aangushe sufuria na kumkimbilia Liaquat, wakaupiga mlango kwa mabega yao wote wawili mpaka komeo likang'oka.

Pantaleo alikuwa kwenye kiti cha wateja, mikono imekunjwa kifuani. Kile kichaka hakikuwepo tena. Kidevu chake, ambacho mkewe hakuwahi kukiona tangu waoane, kilikuwa laini kama cha mtoto, na nyuma ya sikio povu la sabuni lilikuwa bado bichi. Puani alikuwa amezibwa pamba. Wembe ulikuwa mezani, umefutwa na kukunjwa. Kwenye msumari ulining'inia mkanda wake wa zamani, ukidondosha udongo wa kaburini sakafuni.

Bhoke akamshika bega. Macho yakafumbuka.

"Mwambie Esta," Pantaleo alinong'ona, na mdomo ukamjaa udongo.