Diski Isiyozunguka

Jumatano, saa kumi na mbili kasorobo jioni, mshonaji wa ghorofa ya chini alipanda ngazi akiwa amekumbatia kompyuta ya marehemu binti yake.

Fundi wa kompyuta alikuwa anafunga duka. Jengo zima lilimwita Bisibisi. Kabla ya kutengeneza diski ya mteja yeyote, alikuwa akiweka ncha ya bisibisi juu yake na mpini sikioni, akiisikiliza inavyozunguka, kama daktari na kifua cha mgonjwa. Aliishi peke yake mtaa wa nyuma. Siku nyingine hakuna aliyezungumza naye isipokuwa wateja.

"Nataka iende kasi," mshonaji alisema. "Mchezo wake unachelewa mno kufunguka."

"Mzee, sketi yangu umekaa nayo tangu mvua za mwaka jana. Leo wewe ndiye mwenye haraka?"

Mshonaji aliiweka kompyuta mezani.

Bisibisi akaiwasha. Ulikuwa mchezo wa mbio za farasi. Kwenye kioo likaja lango lililofungwa, na chini yake mstari uliojaa taratibu. Ulipofika katikati, ukaganda.

Krr... krr...

"Umemsikia?" mshonaji alinong'ona.

"Nani?"

"Lango likiwa limefungwa, huniita. Anasema, 'Baba, nakuja, nisubiri.' Halafu mchezo unafunguka na yeye hayupo. Kila jioni. Hii diski ni nzito, Bisibisi. Haimfikishi."

Bisibisi alikuwa amesikia diski na feni tu. Hakumwambia. Yeye mwenyewe aliwahi kumpigia mama yake simu baada ya kumzika, akaiacha iite mpaka ikakatika.

"Hii haiwezi kuongezwa kasi," alisema. "Ndani mna sahani zinazozunguka, na mwendo wake ni ule iliotoka nao kiwandani. Naweza kufuta takataka na kupanga vipande vilivyotawanyika, utapata nafuu kidogo. Dawa yake ni kuhamishia kila kitu kwenye diski ya kisasa. Hiyo haina sahani, hakuna kinachozunguka. Lakini nisikudanganye, mzee. Lango litafunguka upesi. Farasi watakimbia vilevile."

"Lango ndilo ninalotaka."

Bisibisi akachukua diski mpya, akaanza kunakili. Mshonaji alikaa kwenye stuli, mikono mapajani, kama mtu aliye kwenye foleni ya hospitali. Nje giza likaingia. Baadaye mshonaji akakumbuka kwamba ameacha pasi kwenye umeme, akashuka mbio.

Hapo ndipo harufu ilipoingia. Ilikuwa ya nywele zilizoloa maji.

Bisibisi alitazama mlangoni. Hapakuwa na mtu.

Kunakili kukaisha. Akafunga diski mpya ndani ya kompyuta, akaiwasha. Lango lilifunguka kabla hajaondoa kidole. Farasi walikuwa wamejipanga, tayari. Kwa mazoea tu akachukua bisibisi, akaweka ncha juu ya diski na mpini sikioni, huku akijicheka. Hapakuwa na cha kusikiliza mle. Hakuna kinachozunguka.

Alisikia pumzi.

Pumzi za mtu aliyekimbia kutoka mbali...

"Nimefika," sauti ya msichana ikasema.

Kisha ikamwita yeye. Si kwa jina la Bisibisi. Ilimwita kwa jina lake la utotoni, ambalo mama yake tu ndiye aliyekuwa akilitumia.

Mshonaji alirudi akamkuta bado ameinama. Akamnyang'anya bisibisi, akasikiliza. Midomo yake ikaanza kutabasamu. Ikaacha.

"Huyu si mwanangu."

"Labda sauti imebadilika wakati wa..."

"Sauti ni yake." Aliiweka bisibisi mezani polepole, kana kwamba kuna mtu amelala. "Anayeongea si yeye."

Bisibisi akachomoa umeme.

"Nirudishie ile ya zamani," mshonaji alisema. "Tafadhali, Bisibisi. Sasa hivi."

Bisibisi akairudisha. Skrubu moja ikaanguka, hawakuitafuta. Lango likaja, limefungwa. Mstari ukasogea, ukaganda katikati palepale. Krr... krr... Wote wawili walizuia pumzi. Mstari ukajaa. Farasi wakatokea.

Hakuna aliyeita.

Wakafunga, wakafungua tena. Hakuna. Wakarudia mpaka mshonaji mwenyewe alipofunika kioo kwa kiganja.

"Alikuwa ananiambia nimsubiri," alisema. "Kumsubiri tu, Bisibisi. Ningeshindwaje?"

Akashuka ngazi akishika ukuta. Kompyuta akaiacha.

Alipobaki peke yake, Bisibisi aliichukua diski mpya, ambayo haikuwa imeunganishwa na kitu chochote, akaisikiliza. Ilikuwa kimya. Harufu nayo ilikuwa imeondoka. Alipaswa kushukuru. Alichohisi ni kama mtu aliyeshika simu sikioni baada ya upande wa pili kukata. Akaita, kwa sauti ya chini, "Haloo?" Kisha akaona aibu, akazima taa, akafunga duka.

Kule mtaa wa nyuma, saa mbili kasorobo usiku, jirani yake wa mlango wa pili alikuwa anaanua nguo koridoni. Alimwona Bisibisi akisimama mlangoni kwake, akipekua mkoba kutafuta ufunguo. Chumbani taa ilikuwa inawaka. Bisibisi aliacha kupekua, akainua kichwa.

"Abee," aliitika.

Jirani hakusikia mtu aliyeita. Mlango ulifunguliwa kutoka ndani, na Bisibisi akaingia.