Kizibo Chenye Matundu Mawili

Mwalimu Séverin Kabamba alikutwa amekufa Jumatatu asubuhi, katika nyumba ya wageni ya mtaa wa Kenya, mjini Lubumbashi. Alilala juu ya shuka na suti yake ya kijivu, kamba za viatu zimefungwa vizuri. Alikuwa amejiandaa kupanda gari la kurudi kwao Manono.

Inspekta Wivine Kalenga alisimama mlangoni kwanza, bila kugusa kitu. Miaka ishirini na sita kazini, na bado hajazoea kuangalia viatu vya maiti. Damu hakuna. Alama za kukabana hakuna. Mfukoni mwa koti alikuta rozari, risiti ya mgahawa, na kizibo cha chupa ya divai kilichofungwa kwenye leso safi, kama kitu cha kwenda kuonyesha nyumbani.

Uani alikaa binti wa marehemu, Plamedie. Simu ililia mapajani mwake, ikanyamaza, ikalia tena.

"Nani anapiga?"

"Papa Jean-Claude. Mudogo wa papa."

"Kwa nini hupokei?"

"Anasema mimi ndiye nimemuua. Anasema mimi ni mulozi."

Wivine alivuta kiti akakaa karibu naye, magoti kwa magoti, akamwacha alie kwanza. Kisha binti akaeleza. Baba yake alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na minne. Tangu Plamedie akiwa wa kubebwa mgongoni, alimwahidi kwamba siku atakapopata diploma ya chuo kikuu watakula kwenye meza ya kitambaa cheupe na kunywa divai ya chupa, kama watu wengine. Diploma ilitoka Jumamosi. Mchana huohuo wakaenda kwenye mgahawa mmoja wa Golf, mtaa wa wenye pesa. Plamedie alikuwa kwenye dawa za malaria, hakunywa. Baba alimaliza chupa peke yake, akisema kitu kilicholipiwa hakiachwi mezani. Jumapili kichwa kikamuuma, tumbo likamsokota. Jioni alisema anaona weupe kama ukungu. Wakacheka wote wawili, wakasema ni divai ya matajiri.

Hapo ndipo ukoo uliposhika neno lake. Watu wawili, meza moja, na aliyenusurika ni yule aliyekataa kunywa. Baba mdogo alikuwa ameshaingia barabarani kuja kuchukua maiti. Alikuwa amesema Plamedie asisogelee sanduku, wala asikanyage Manono tena. Njia ile ni ya siku tatu. Wivine alikuwa na siku tatu hizo kumrudishia msichana huyu kwao.

Jumanne daktari wa maiti alileta jibu lake. Methanoli, alisema, alkoholi ya viwandani, ya kuyeyushia rangi. Muntu akiinywa, macho yanatangulia kufa.

Wivine alipenda vitendawili tangu utoto, na kila kesi alijitegea chake. Akiwa njiani kwenda Golf alijitegea hiki: nimevaa nguo ya kifalme, lakini nimeuzwa bei ya kitambaa cha jikoni. Kwa sababu risiti ilisema karafu moja, yaani jagi dogo la divai nyekundu ya kawaida, dola kumi. Na kwenye simu ya Plamedie kulikuwa na picha: mwalimu anacheka, na mbele yake chupa yenye lebo ya dhahabu. Kwenye orodha ya mgahawa chupa ile ni dola tisini. Nani hapa Lubumbashi anampa mgeni zawadi ya dola themanini?

Mwenye mgahawa, Madame Kasoki, mfanyabiashara kutoka Butembo, alifungua stoo mwenyewe bila kubishana. Wakahesabu. Chupa za lebo ya dhahabu zilikuwepo zote, hakuna hata moja iliyopungua.

"Basi ile ya kwenye picha ilitoka wapi, Madame?"

"Si kwangu, Mama Inspekta. Na kwangu chupa inafunguliwa mbele ya macho ya mutu. Ukifungulia nyuma, anaamka anaenda."

Hilo Wivine alilijua. Katika mji huu hakuna anayekunywa kitu kilichofunguliwa mgongoni mwake, watu wanaogopa sumu. Plamedie naye aliapa kwamba chupa ilifunguliwa mezani, na kizibo kililia. Ndiyo maana hakuna aliyeishuku divai.

Wivine alitoa kizibo, akakiweka chini ya lenzi. Tundu la kizibuo lilipita katikati. Kando yake kulikuwa na tundu lingine, la zamani, limejaa weusi wa divai iliyokauka. Kizibo kinazibuliwa mara moja tu maishani mwake. Hiki kilikuwa kimezibuliwa mara mbili. Chupa ilinywewa na watu wengine, ikajazwa upya, ikazibwa tena.

Aliyehudumia meza ile aliitwa Constantin. Mkubwa wa wahudumu, miaka kumi na minane pale, shati jeupe, nywele zimeanza mvi. Wivine alikaa naye jikoni, akaweka kizibo katikati yao. Constantin alikitazama, mikono yake ikaanza kukunja kitambaa ambacho hakikuwa na haja ya kukunjwa.

"Unajaza chupa tangu lini?"

"Mwaka moja."

"Unajaza nini?"

"Divai ya bei chini. Na lutuku kidogo, ipate nguvu."

"Pombe hiyo ya kienyeji unanunua wapi?"

"Ruashi. Kwa muntu moja. Wiki ile alinipa mupya."

Hiyo mpya ilikuwa na alkoholi ya kiwandani. Askari wa Wivine walikwenda mtaa wa Ruashi jioni hiyohiyo, wakarudi na dumu pamoja na mwenye dumu, na maabara ikalitambua. Lakini Wivine hakuwa amemaliza na Constantin. Alitaka kujua jambo moja. Constantin alikuwa amekiri kwamba chupa zile aliwauzia wateja wa migodini waliokwisha kulewa, kwa bei kamili, na pesa alitia mfukoni. Sasa kwa mwalimu alichukua dola kumi, tena akaziandika kwa halali. Faida ilikuwa wapi?

"Hakuna," alisema Constantin.

"Basi kwa nini?"

Constantin alimsubiri mpishi aondoke. Mpishi alizima jiko, akatoka nje.

"Ule papa alikuwa anasoma bei, hasomi chakula. Kidole kinashuka, kinashuka, mpaka chini kabisa. Akaniomba karafu kwa sauti ndogo, mutoto wake asisikie. Mimi pia papa yangu alikuwa mwalimu. Nikaona haya kwa ajili yake. Nikasema leo huyu atakunywa chupa, mutoto wake aone."

"Ukampa ya kujaza."

"Sikuwa na ingine ya kumupa." Machozi yalimshuka, hakuyapangusa. "Nilimuuliza, papa, iko muzuri? Nilimuona ilimuchoma koo. Angekunja uso kidogo tu ningeiondoa. Akanishika mukono, akaniambia iko muzuri sana, mutoto wangu, asante."

Wivine aliandika maneno hayo kwenye maelezo ya mtuhumiwa, akamsomea, akampa kalamu. Constantin alitia sahihi. Akaondolewa na pingu zake kwa mlango wa nyuma.

Jumatano Wivine alirudi mtaa wa Kenya, kwenye nyumba ya wageni, akamweleza Plamedie kila kitu, bila kupunguza. Msichana hakulia. Simu ilipolia, Wivine aliichukua mwenyewe.

"Papa Jean-Claude, mimi ni Inspekta Kalenga. Aliyefanya amekiri na amefungwa. Mutoto wenu hana kosa."

Akasimulia. Upande wa pili palikuwa na mngurumo wa gari na watu wakizozana. Kisha sauti nzito ikaomba apewe mtoto.

Plamedie alisikiliza, mkono mdomoni.

"Ndiyo, papa," alisema mwishowe. "Alikula samaki yote. Mpaka kichwa." Akasikiliza tena. "Ndiyo. Alifurahi."

Halafu akarudia polepole alichoambiwa, kama mtu anayetaka shahidi asikie: "Nikungoje kituoni. Tutamupeleka nyumbani sisi wawili."